Fedha ya Kikundi na Mitambo ya Kuzuia Droni



Nimeombwa nieleze jambo lililozuka katika kikundi chetu cha akiba hapa Mchesi, maana habari zimefika mpaka Dzaleka zikiwa zimepindwa. Kuna wanaosema tulikula fedha, na kuna wanaosema tulinunua bunduki. Hatukufanya hili wala lile. Mimi nilimaliza shule ya msingi tu, na mambo ya hisa nimeyajua kwa kuulizauliza. Nitayaeleza kama nilivyoyaelewa.

Wanachama ni 22. Wengi huchambua tumbaku Kanengo wakati wa msimu, wengine wana meza za biashara sokoni, na sita wanaishi Dzaleka na huja kwa minibasi, mwendo wa kilomita zipatazo 45. Mwezi Januari mwaka huu sanduku letu lilikuwa na kwacha 860,000. Hiyo ni jasho la mwaka mzima, ndugu zangu, na kwa wengine ni chakula kilichoachwa mezani.

Ndipo akasimama kijana mmoja fundi wa simu. Alisema, "Wazee wangu, tusiweke tena fedha kwenye duka. Mwaka 2023 mliona wenyewe. Serikali iliamuru wakimbizi warudi Dzaleka, polisi wakaja hapa Mchesi, maduka yakafungwa, bidhaa zikapotea. Duka linafungwa. Hisa haifungwi, unatembea nayo kwenye simu." Akashauri fedha yote ikanunue hisa za kampuni za Ulaya, Marekani na Australia zinazotengeneza mitambo ya kuzuia ndege zisizo na rubani, hizi wanazoziita droni. Vita vimekuwa vya droni, alisema, kwa hiyo mwenye kuuza ngao atatajirika.

Nakiri kwamba hoja ile ilinigusa. Aliyewahi kufungiwa duka hahitaji kuelezwa mara mbili. Hata hivyo niliomba mwezi mmoja nikaulize.

Kwanza, mtambo wenyewe. Droni ndogo huongozwa kwa mawimbi ya redio kutoka kwa mtu aliyekaa mbali, na hujua njia kwa ishara za setilaiti. Mtambo wa kuzuia hupiga kelele katika mawimbi yale yale, kama mtu anayepuliza tarumbeta sikioni mwako wakati mwenzako anakunong'oneza. Droni ikikosa kusikia, hutua, hurudi au huanguka. Kuna mitambo mingine inayotumia mizinga na makombora. Basi wanajeshi wa Urusi na wa Ukraine wakabuni droni inayovuta uzi mwembamba wa kioo nyuma yake, na amri hupita ndani ya uzi. Hiyo haisikii kelele yoyote. Ndiyo kusema ngao iliyouzwa kwa bei kubwa mwaka jana huenda mwaka huu isifae mbele ya droni ya namna hiyo.

Pili, biashara yenyewe. Mwezi Septemba 2025 droni za Urusi ziliingia anga la Poland, na uwanja wa ndege wa Copenhagen ukafungwa kwa saa kadhaa kwa sababu ya droni zisizojulikana. Serikali za Ulaya zikaanza kutafuta mitambo, na hisa zikapanda. Kampuni aliyoipenda sana kijana wetu ni DroneShield ya Australia. Mwezi Oktoba hisa yake moja ilipita dola 6 za Australia. Mwezi Novemba kampuni ikatangaza mikataba ya dola milioni 7.6 kama mipya, kisha ikasema ni makosa, ilikwisha kutangazwa zamani. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba mkurugenzi mkuu ameuza hisa zake zote, karibu dola milioni 50, na wakurugenzi wenzake nao wameuza zao. Siku hiyo moja bei ilianguka kwa karibu theluthi. Kabla ya mwezi kwisha ilikuwa karibu na dola 2.

Fikirini mfanyakazi aliyenunua Oktoba. Vita havikwisha, droni hazikupungua, mitambo haikuharibika. Wakubwa waliojua hesabu walitoka mlangoni na fedha yao, na aliyeingia mwisho akabaki na karatasi. Nimeona mambo ya namna hii tangu nilipokuwa kibarua wa chai, tofauti ni kwamba pale angalau tulimjua msimamizi kwa sura.

Tatu, na hapa ndipo mkutano ulipokuwa mzito. Mama mmoja aliyezaliwa upande wa Masisi alinyanyua mkono. Kwa kawaida hasemi. Alisema, "Nyinyi mnazungumza bei. Mimi ningepata mtambo huo juu ya nyumba yangu, ningeuza hata kitenge changu niununue. Mnajua sauti ile?" Hakuna aliyejibu. Pembeni alikaa Mmalawi ambaye jirani yake alikuwa askari. Mwezi Januari 2025 askari wa Malawi waliuawa katika mapigano karibu na Goma, na alijua msiba ule. Basi siwezi kuwaambia kwamba kutengeneza ngao ni dhambi. Asemaye hivyo hajalala chini ya kitanda na watoto.

Lakini nilimjibu mama kwa heshima yale niliyoyapata. Ngao hii ina upande wa pili, na upande huo umeonekana huko huko kwao. Mwishoni mwa 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba mawimbi ya kuongozea ndege yalikuwa yakivurugwa Kivu Kaskazini, katika maeneo yaliyoshikwa na M23 na jeshi la Rwanda. Ndege za misaada nazo zilisumbuliwa. Mtambo hauulizi kama kilichobebwa juu ni bomu au ni dawa. Sisi wa Malawi tunapaswa kulielewa hilo kuliko wengine, maana mwaka 2016 hapa hapa Lilongwe zilijaribiwa droni za kubeba damu ya watoto wachanga kwenda kupimwa virusi vya UKIMWI, na mwaka 2017 anga la Kasungu likatengwa kwa majaribio ya droni za kazi za kibinadamu. Tena mnunuzi wa mitambo hii ni jeshi. Mama wa Masisi hauziwi. Kampuni humuuzia mwenye fedha, na ngao hukaa juu ya kambi na uwanja wa ndege, si juu ya nyumba ya udongo.

Kuna jambo ambalo halisemwi katika matangazo ya hisa. Madini ya koltani huchimbwa Rubaya, Masisi, kwa mikono, na Rubaya imekuwa chini ya M23 tangu Aprili 2024. Katika koltani hupatikana tantali, nayo hutumika katika vifaa vya umeme, vya kiraia na vya kijeshi. Mchimbaji halipwi kwa bei ya hisa.

Sasa nije kwenye fedha. Niligundua kwamba kijana wetu hakuwa ananunua hisa hata kidogo. Hisa ni kipande cha kampuni. Hununuliwa kwa dalali mwenye leseni, jina lako likaandikwa. Soko la Hisa la Malawi liko Blantyre, na humo hakuna kampuni inayotengeneza silaha. Kununua hisa za ng'ambo ni kutoa fedha za kigeni, na hilo lina taratibu za Benki Kuu. Yeye alikuwa katika kundi la simu, ambamo mtu asiyejulikana hupokea kwacha na kuonyesha picha ya bei inayopanda kila asubuhi. Alikuwa ametia kwacha 60,000 zake mwenyewe, na picha ilimwambia zimekuwa 190,000. Nikamwomba jambo moja tu mbele ya wote: atoe 10,000. Akajibiwa alipe kwanza kodi ya 25,000. Alisoma ujumbe ule kwa sauti, akaurudia, kisha akakaa.

Wenzetu wenye ajira ya kudumu wana swali lao. Sheria ya Pensheni ya 2010 iliweka kwamba mwajiri atoe asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Sheria nyingine ikafuata 2023. Fedha hiyo huwekezwa na wadhamini kwa jina lenu. Waulizeni kwa barua, kupitia tawi, imewekwa wapi. Wafanyakazi wana haki ya kusema katika mambo ya silaha, na walikwisha kusema: mwezi Aprili 2008 wapakuzi wa bandari ya Durban walikataa kushusha silaha za Zimbabwe kutoka meli ya Kichina An Yue Jiang, ikabidi iondoke na mzigo wake. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na mikono na chama.

Tulipiga kura. Watu 16 walitaka fedha ingoje mavuno tununue mahindi wakati bei iko chini. Wanne walitaka kila mtu achukue chake. Wawili hawakupiga, mmoja wao yule mama. Mahindi yamenunuliwa mwezi Mei, yapo katika ghala la mwenzetu Mmalawi, ili siku ya amri nyingine yasikutwe katika duka la mkimbizi. Kwacha 60,000 za kijana hazikurudi. Tumemkabidhi daftari la kikundi, kwa kuwa hesabu anaijua, na sasa hakuna anayeuliza risiti kwa ukali kama yeye.