Tanini mu chakula cha samaki: kidogo inasaidia, mingi inaharibu

Ndugu wanakoperative, unga wa sambaza na soya ni bei kali, ndiyo maana wengi wetu huku Kivu wanatafuta majani ya kuchanganya mu chakula cha tilapia: leusena, kaliandra ya kwenye mistari ya kuzuia erozio, sombe, hata mtama mwekundu. Wazo si baya. Lakini kuna etangi zinazomaliza magunia ya chakula miezi sita, na siku ya kuvua unatoa samaki kama vidole. Sababu moja inaweza kuwa tanini.

Tanini ni ile kitu inakausha ulimi ukionja ndizi mbichi au chai kali. Mmea unaitengeneza kwa kujilinda. Ndege wanakimbia mtama mwekundu juu ya hiyo. Mu tumbo la samaki inashikana na proteini, na pia na maji ya tumbo yanayosaga chakula. Proteini uliyolipia inapita tu, inatoka mu mavi. Inashika hata chuma, yenye kutengeneza damu.

Iko ya namna mbili. Moja haivunjiki, inabaki tumboni na kufunga chakula. Ingine inavunjika, vipande vyake vinaingia mu damu na vinaweza kuumiza ini na figo. Becker na Makkar, watafiti wa Ujerumani, walitangaza mwaka 1999 matokeo yao juu ya samaki karpe: gramu 20 za tanini kwa kilo ya chakula. Waliopewa ile inayovunjika walianza kukataa chakula baada ya karibu wiki 4. Waliopewa ingine, ya mti wa kebracho, waliendelea wiki 12 bila shida. Tilapia si karpe, basi musichukue hiyo gramu 20 kama ruhusa.

Juu ya nini basi wamoja wanasifu tanini? Hewa inaharibu mafuta ya chakula, yananuka, na mu mwili wa samaki uharibifu kama huo unagusa nyama na ini. Tanini kidogo inazuia hiyo. Kidogo, nasema.

Kwa kupima nyumbani: chemsha majani, mimina maji yake mu kopo, tia msumari wenye kutu, acha mpaka kesho. Maji yakigeuka meusi kama wino, tanini ni nyingi. Kaliandra inayo nyingi sana. Mimi ningeiachia mbuzi.

Majani mengine yaloweke usiku mzima, mwaga maji mbali na etangi, kiisha anika na saga. Leusena na sombe zina pia sumu zingine, kwa hiyo musiruke kazi hii. Sombe ipondwe kwanza. Mtama mwekundu, toa ganda: tanini iko pale chini yake. Kule Kigezi, Uganda, wanauchanganya na majivu ya kuni kabla ya kuuotesha kwa kinywaji cha obushera, na majivu yanapunguza ukali.

Matawi mabichi musitupe mu etangi. Maji yanakuwa rangi ya chai, jua haliingii, na majani yakioza yanamaliza hewa ya samaki.

Mimi nashauri kilo 1 ya unga wa majani mu kilo 10 za chakula, isipite. Anzeni na etangi moja, ingine ibaki na chakula cha kawaida, mupime samaki 20 wa kila upande kila wiki mbili. Wakionja na kutema, punguzeni siku hiyo hiyo.