Fidia kwa Aliyeshuhudia: Kiwewe cha Mzazi na Sheria ya Mwaka 1897

Taarifa za watembea kwa miguu wanaogongwa katika Barabara Kuu ya Thika, hasa pande za Githurai na Ruiru ambako wakazi wa Mwihoko huvuka kila siku wakienda na kutoka kazini, huishia katika idadi ya waliokufa na waliojeruhiwa, na ni nadra kumtaja mama aliyekuwa kando ya barabara akamwona mwanawe akigongwa na matatu. Mama huyo hakuguswa na gari wala hakuvunjika mfupa, lakini miezi inapita hapati usingizi, honi ikilia anatetemeka, na mwishowe anashindwa kufungua kibanda chake cha biashara. Swali ni kama sheria ya Kenya inamtambua mama huyo kuwa mdai kwa haki yake mwenyewe, mbali na fidia inayodaiwa kwa ajili ya mtoto.

Jibu linaanzia katika tarehe ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini huikariri bila kuuliza imebeba nini. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Idara ya Mahakama, Sura ya 8, kinaziagiza mahakama kufuata, pale ambapo Katiba na sheria zilizoandikwa zimenyamaza, kiini cha sheria ya mapokeo ya Uingereza, yaani kanuni zilizojengwa na hukumu za majaji, pamoja na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika nchini humo tarehe 12 Agosti 1897. Miaka tisa kabla ya tarehe hiyo, mwaka 1888, Baraza la Faragha mjini London lilikuwa limeamua rufani kutoka koloni ya Victoria, Australia, ambako mlinzi wa kivuko cha reli alifungua lango huku treni ikija, na mke na mume waliokuwa katika kigari cha farasi wakanusurika kugongwa kwa kiasi kidogo mno. Mke alizirai, akaugua kwa mshtuko na mimba yake ikaharibika, lakini Baraza likasema madhara yatokanayo na hofu tupu, bila mwili kuguswa, hayalipiwi.

Mwaka uleule wa 1897 hukumu nyingine ilichomoza. Katika baa moja ya mashariki mwa London, mteja aitwaye Downton alimwambia mke wa mwenye baa kwamba mumewe amepata ajali na kuvunjika miguu yote miwili, jambo ambalo alilibuni kwa mzaha. Mama huyo, Bi. Wilkinson, aliugua kwa wiki nyingi, na Jaji Wright akakubali alipwe pauni 100 kwa mateso yake, pamoja na shilingi moja na peni kadhaa za nauli ya waliotumwa kumtafuta mumewe. Kwa hiyo urithi uliopokewa Kenya haukuwa wa upande mmoja, kwani ulibeba ukatili wa hukumu ya 1888 na utu wa hukumu ya 1897 kwa pamoja, na inasikitisha kwamba wengi wanaonukuu tarehe hiyo hukumbuka ule ukatili tu.

Hatua iliyofuata huko Uingereza ilikuwa kesi ya Hambrook ya mwaka 1925, ambapo lori lililoachwa juu ya mteremko likiwa linanguruma, bila dereva, liliporomoka kuelekea kwenye kona ambako mama alikuwa ametoka kuachana na watoto wake, naye akafa baadaye kwa mshtuko wa kuwahofia. Kabla ya hapo mahakama zilidai kwamba mdai awe ameihofia nafsi yake. Majaji wa 1925 waliona aibu ya kanuni ambayo ingemlipa mama anayejihofia mwenyewe na kumnyima anayewahofia wanawe. Mwaka 1982, katika kesi ya McLoughlin, haki hiyo ilifika hata kwa mama ambaye hakuwapo kwenye ajali, bali alifika hospitali baada ya saa mbili hivi, akawakuta mumewe na watoto wakiwa bado na matope na mafuta mwilini, na binti yake mdogo amekwisha kufa.

Baada ya hapo mlango ukaanza kufungwa. Maafa ya mashabiki kubanwa hadi kufa katika uwanja wa mpira wa Hillsborough mwaka 1989 yalizaa kesi ya Alcock, iliyoamuliwa mwaka 1991, ambayo ilimtaka mdai awe na uhusiano wa karibu wa mapenzi na aliyeumia, awe karibu na tukio au matokeo yake ya papo hapo, na awe ameyaona au kuyasikia mwenyewe bila kupitia televisheni. Wazazi, watoto na wanandoa hudhaniwa kuwa na mapenzi hayo, ila ndugu lazima ayathibitishe, na mtu aliyekuwamo uwanjani na kufiwa na ndugu zake wawili alishindwa kwa sababu ushahidi wa mapenzi haukutolewa. Januari 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikaza zaidi katika kesi ya Paul, ambapo mabinti wawili walimwona baba yao akianguka na kufa barabarani kwa ugonjwa wa moyo ambao, kwa madai yao, hospitali ilizembea kuugundua. Majaji wengi walisema kuushuhudia ugonjwa ukiua si sawa na kuishuhudia ajali, na madai yakatupwa.

Hukumu hizo za karibuni haziifungi mahakama ya Kenya, ila huishawishi tu, na hapa ndipo sehemu ya mwisho ya kifungu cha 3, ambayo mawakili huipita haraka, inapopaswa kusomwa kwa sauti. Inasema kwamba sheria hiyo ya mapokeo itumike kwa kadiri tu hali ya Kenya na wakazi wake inavyoruhusu. Hali ya Mwihoko ni kwamba mtoto hulelewa na nyanya au shangazi wakati mama yuko kazini Nairobi, na kaka mkubwa ndiye anayelipa karo. Sheria ya Ajali Zinazosababisha Vifo, Sura ya 32, tayari inamhesabu nyanya kuwa mzazi, ingawa ndugu hawamo, nayo hulipa hasara ya kifedha pekee bila kuyatia machozi katika hesabu, kama Waingereza walivyoitafsiri sheria yao ya 1846 wakati wa ajali za reli. Hali hiyo pia ni kwamba majeruhi anaweza kubebwa na gari la msamaria hadi Ruiru, akahamishiwa hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na familia ikamtafuta katika msongamano wa magari hadi usiku wa manane, wakati mwingine hadi mochari. Kumwambia mzazi wa namna hiyo kwamba amechelewa kuyaona matokeo ya papo hapo ni kumwadhibu kwa ukosefu wa ambulensi, na jaji mwenye kusoma kifungu chote ana uwezo wa kukataa.

Wakenya wamekwisha kuonja sheria iliyo pana zaidi. Jamaa za waathiriwa wa bomu la Ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998 waliishtaki Sudan mjini Washington, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya mji huo iliamua kwamba katika shambulio la kigaidi si lazima jamaa awe alikuwapo kwenye tukio ndipo adai fidia ya mateso ya nafsi.

Kwa aliyeshuhudia ajali mwaka huu, yaliyo ya lazima ni machache. Huzuni ya kawaida ya msiba hailipiwi, kwa hiyo pahitajika ugonjwa unaotambulika kitabibu, kama vile kiwewe cha kudumu au sonona, uliothibitishwa kwa ripoti ya daktari wa magonjwa ya akili. Ripoti hiyo huambatana na abstrakti ya polisi inayoonyesha gari na bima yake. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inazungumzia kifo au jeraha la mwili, na yaelekea kampuni za bima zitalishikilia neno hilo la mwisho, ndiyo maana ripoti inapaswa kueleza pia dalili za mwilini kama vile kutetemeka, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Sura ya 22 inatoa miaka 3 ya kufungua kesi ya uzembe, na kwa kawaida miaka hiyo huhesabiwa kuanzia siku ya madhara yenyewe, hata kama mgonjwa ameingia kliniki kwa mara ya kwanza mwaka wa pili.