Sindano, Sumaku na Beseni: Mfundishe Mtoto Kusoma Dira

Vijana wengi wa Lamu wanaokwenda baharini siku hizi hutafuta njia kwa simu. Simu ni msaada mkubwa mpaka iingie maji au iishe chaji, huku ufuo hauonekani. Dira haihitaji chaji, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kujitengenezea moja nyumbani.

Mzazi atafute sindano ya kushonea, sumaku, beseni la plastiki lenye maji, na kipande cha kandambili kuukuu kisichozidi kizibo cha soda. Sumaku hupatikana kwenye spika ya redio mbovu. Mtoto aisugue sindano kwa sumaku kuanzia tunduni hadi nchani, mara 40 hivi, akiinua mkono kila mara na kuanza upya. Asisugue kwenda na kurudi. Kisha ailaze juu ya kandambili na kukielesha kipande hicho katikati ya beseni. Sindano itazunguka polepole na kutulia. Akiigeuza kwa kidole, itarudi pale pale.

Hapo swali litakuja: nani anaivuta? Ndani ya sindano mna sehemu ndogo mno, kila moja ikiwa sumaku yake. Kabla ya kusuguliwa zilikuwa kama abiria gatini, kila mmoja akitazama kwake. Kusugua kumezipanga zitazame upande mmoja. Dunia nayo ni sumaku kubwa. Kuanzia kilomita 2,900 hivi chini ya miguu yetu kuna chuma kilichoyeyuka, na mwendo wake huzalisha umeme unaoipa dunia nguvu hiyo. Sindano inajilaza kuifuata.

Ncha ipi ni ya kaskazini? Asubuhi mtoto aelekeze mkono wa kulia jua linakochomoza. Mbele yake ni kaskazini. Sisi wa Lamu tuna kipimo kingine: Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka hapa, hivyo sindano na mihrabu ya msikiti hukaribiana sana. Ndiyo maana mabaharia wetu wa zamani waliita kaskazini kibla, na kusini suheli.

Somo lisiishie hapo. Mwambie mtoto asogeze kisu au simu karibu na beseni, aone sindano ikipotoka. Baharini mambo ni hayo hayo: nanga, mashine au sanduku la vifaa likiwa karibu na dira, nahodha ataongozwa kwingine bila kujua. Kwa maoni yetu, hili ndilo la maana kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa zaidi.

Kwa shule zinazonunua dira: ulizeni zimetengenezewa eneo gani. Kwetu ncha ya kusini huvutwa chini kidogo, ilhali Ulaya huvutwa ile ya kaskazini. Dira iliyosawazishwa kwa matumizi ya Ulaya inaweza kukwaruza na kukwama hapa.

Sindano ihesabiwe na kurudishwa mahali pake. Sumaku ndogo zisiachwe mikononi mwa watoto wachanga: mbili zikimezwa huvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Mtoto akimeza sumaku, apelekwe hospitali mara moja, hata kama halalamiki maumivu.