Mwenye Duka Anaitwa Nani?

Ndugu msomaji, yule mtu unayenunua mkate kwake kila asubuhi, jina lake nani? Usiniambie "Bosi", "Mshihiri" au "yule Mkamba wa pale kona". Nauliza jina lake hasa.

Mimi mwenyewe swali hili lilinishinda. Mwenye duka jirani yetu hapa Likoni alianguka dukani siku moja, tukamkimbiza hospitali watu watatu, sote wateja wake wa miaka mingi. Karani akauliza, "Mgonjwa anaitwa nani?" Tukatazamana. Bei zake zote nilizijua, jina sikulijua. Tulilipata baadaye kwa kijana anayemletea mkate, maana yeye humwandikia risiti. Hapo ndipo watu wa kwao wakapata habari.

Aibu hii huanza kidogo kidogo. Siku ya kwanza hukuuliza kwa sababu ulikuwa na haraka. Baada ya mwezi waona umechelewa. Baada ya miaka mitatu, kuuliza ni kama kukiri kwamba hukumjali. Basi twajifichia katika "ndugu yangu" na "kastama".

Majina ya heshima si mabaya. Huku Pwani mtu mzima haitwi jina lake kavu kavu. Twasema Mama Fulani, Baba Fulani, Mzee, na hiyo ni adabu. Shida ni kumwita mtu kwa kabila lake tu. Mshihiri, kwa mfano, ni mtu wa Shihr, bandari ya Hadhramaut kule Yemen. Lakini wengi tunaowaita hivyo wamezaliwa papa hapa Mombasa.

Sisi wa Likoni twajua neno moja laweza kufanya nini. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, mwaka wa uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Siku zilizofuata watu walioitwa "wabara" waliuawa na kufukuzwa, nyumba na vibanda vyao vikachomwa. Maelfu walikimbilia kiwanja cha kanisa Katoliki. Fitina ile ilikuwa ya siasa, haikuletwa na kutojua majina. Lakini neno "wabara" liliwafunga wote furushi moja, muuza mboga, fundi viatu na mwalimu. Na jirani aliyetaka kumtafuta muuza mboga wake kati ya wale waliokimbia, angemuulizia kwa jina gani?

Siku hizi, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ukituma pesa jina hutokea kwenye simu. Hilo lasaidia, lakini huenda likawa jina la biashara au la mwenye laini. Kuuliza kwa mdomo bado ni bora. Fanya hivi:

1. Ngoja duka liwe halina watu, usimwulize mbele ya foleni.

2. Anza na jina lako. "Niwie radhi, nanunua kwako siku nyingi na hatujajuana. Mimi naitwa Fulani."

3. Muulize apendavyo kuitwa: "Nikuite nani?" Mama au mzee atakuambia mwenyewe kama ni jina la mtoto au lake.

4. Litumie kesho yake asubuhi, lisije likakupotea.

Mwenye duka wetu alipopona nilimwendea hivyo hivyo. Alicheka, akafungua daftari la madeni akanionyesha nilivyoandikwa: "Mama geti ya buluu". Kumbe na yeye alikuwa akiona haya kuniuliza. Alikata maneno yale, akaandika jina langu. Deni lenyewe hakulikata.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

- Ni watu wangapi tunaokutana nao kila siku, kwenye duka, kioski au feri, ambao hatuwajui majina?

- Mmoja wao asipoonekana wiki nzima, tutamuulizia wapi, na kwa jina gani?