Kifaru, Tofali na Kichuguu: Kanuni Moja Inapobadilishwa

Mchezo wa vifaru ni miongoni mwa michezo ya video iliyo sahili kabisa, kwa kuwa unahitaji magari mawili tu, uwanja wenye kuta, na risasi inayokwenda mbele mpaka igonge kitu. Na usahili huo ndio unaowavuta wabunifu wa sampuli za majaribio, yaani michezo midogo isiyokamilika ambayo haiundwi ili iuzwe, bali ili ijibu swali moja kuhusu kanuni. Katika sampuli ya namna hiyo muziki huachwa, kifaru huwa kibao cha rangi, na kanuni moja hubadilishwa ili ionekane wachezaji watafanya nini.

Jambo hili si geni. Mwaka 1974 kampuni ya Kee Games, tanzu ya Atari, ilitoa mchezo wa Tank kwa mashine za kumbi za burudani, na mwaka 1977 Atari yenyewe ikauza mtambo wa nyumbani, VCS, pamoja na mchezo ulioitwa Combat. Kumbukumbu ya muda ya mtambo huo ilikuwa baiti 128, ambazo hazitoshi kuhifadhi hata aya hii, na programu nzima ya Combat ilijibana ndani ya baiti 2,048. Hata hivyo mchezaji alipewa michezo 27, ambayo mingi yake ni kanuni zilezile zilizogeuzwa kidogo. Risasi ilipofanywa idunde, ukuta haukuwa tena kinga pekee, ukawa njia ya kumpiga adui aliyejificha nyuma ya pembe; na kifaru kilipofanywa kisionekane mpaka kifyatue au kigonge ukuta, kila risasi ikawa pia ungamo la mahali alipo mpigaji. Badiliko la pili ndilo lenye akili zaidi, maana halikuongeza kitu chochote uwanjani.

Namco, katika Battle City ya mwaka 1985, iliweka kuta za matofali zinazobomoka na kambi ya kulindwa, kiasi kwamba mchezaji mwenye kifaru kizima hushindwa mara kambi ikipigwa. Aliruhusiwa pia kujijengea uwanja wake kabla ya kucheza, lakini pigano likianza hakuweza tena kujenga.

Hapo ndipo komini ya Annexe, inayouzunguka mji wa Lubumbashi nchini Kongo, inapoweza kuleta swali lake: nani anajenga upya wakati pigano likiendelea, na kwa udongo upi? Mapigano ya magari ya vita si kitu cha kuchezewa tu katika mji huu: mwaka 1961, wakati wa kujitenga kwa jimbo la Katanga, magari ya deraya ya Umoja wa Mataifa na ya jeshi la Katanga yalipambana katika mji huo, ulioitwa Elisabethville enzi hizo, na uwanja wa ndege wa Luano ulikuwa ngome ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo swali la nani anajenga upya si pambo. Katika viunga vya Lubumbashi vimesimama vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kupita mita 5, ambavyo udongo wake hufyatuliwa matofali na kuchomwa. Sampuli ya kifaru inaweza kukifanya kichuguu kuwa kinga na chimbo kwa wakati mmoja: anayekichimba hupata matofali ya kuzungushia kambi yake, lakini hupunguza kimo cha kile kinachomficha, na kikiisha hakirudi.

Kanuni hiyo haihitaji kompyuta mwanzoni. Karatasi yenye miraba, vifuniko vya chupa na kokoto hutosha, nayo ni faida kubwa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara. Ila kifaru kisichoonekana ni kigumu kujaribiwa mezani bila mwamuzi wa kutunza siri, na hapo programu huria ya kuundia michezo kama Godot, ambayo hutolewa bure, hurahisisha kazi. La msingi ni kutazama pale wachezaji wanapositasita. Iwapo wote huchimba tangu zamu ya kwanza, tofali ni rahisi mno. Iwapo hakuna anayechimba, kichuguu kimekuwa ukuta kama ukuta mwingine, na idadi ya matofali yanayotoka ndani yake yafaa iongezwe kabla ya kugusa kanuni nyingine yoyote.