Vipande 91, Nyota Moja

Darubini ya SALT iko Sutherland, Afrika Kusini, na ilizinduliwa mwaka 2005. Kioo chake kina upana wa mita 11 hivi, lakini si kioo kimoja. Ni vipande 91 vya pembe sita, kila kimoja upana wa mita moja, vimepangwa kama sega la nyuki. Kioo kimoja cha ukubwa huo ni shida kukitengeneza na kukisafirisha, na kingejipinda kwa uzito wake chenyewe. Ila vipande visipokaa sawa, nyota moja inakuwa nukta 91.

Mtazame fundi wa tailizi kwenye majengo yetu ya Kivukoni. Anapitisha kidole kwenye maungio. Akihisi moja imepanda, anaigonga ishuke. Darubini nayo hivyohivyo. Kingoni mwa vipande kuna vihisio vinavyopima kama jirani amepanda au ameshuka, na nyuma ya kila kipande kuna visukumizi vitatu. Vikisogea pamoja, kipande kinapanda au kushuka, vikitofautiana, kinainama. Kwenye darubini za Keck kule Hawaii, zenye vipande 36 kila moja, marekebisho hayo hufanyika mara mbili kwa sekunde, kwa usahihi wa nanometa 4 hivi. Unywele mmoja una unene wa nanometa 80,000 hivi!

Lakini fundi mzoefu anajua kwamba kila tailizi inaweza kulingana na jirani yake, halafu sakafu nzima ikalalia mlangoni. Ndiyo maana anavuta uzi. Vihisio vya kingoni navyo vinaweza kupitwa na kosa dogo linalojikusanya kutoka kipande hadi kipande. Lazima apatikane shahidi wa nje.

Kwa Keck, shahidi ni nyota yenyewe. Kwa SALT ni mnara. Chukulia kioo kile ni kipande cha ukuta wa ndani wa mpira mkubwa. Pale palipo katikati ya mpira huo, juu ya mnara, kuna chombo kinachomulika kioo. Mwanga unaotoka katikati ya mpira hugonga ukuta bila kuegemea upande wowote, kwa hiyo hurudi ulikotoka. Kipande ambacho mwanga wake haurudi, ndicho kimeinama. Kinasukumwa mpaka urudi.

Wenzangu wa ualimu, hiyo ndiyo ile herufi C ya kwenye mchoro wa kioo mbonyeo, ambayo wengi wetu tuliikariri kwa Kiingereza tupate maksi, basi. Tukienda field tutakutana na watoto waliosoma msingi kwa Kiswahili, na tutawachorea C ileile. Mimi nasema tuanze na mpira, ukuta na mwanga unaorudi, kwa lugha wanayoielewa. Kiingereza cha mtihani kifuate, kikiwa na kitu cha kushika.