Kumpima Kijana Kabla Hajaumia

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Goti la kijana likishateguka, huenda akakaa nje ya uwanja kwa miezi mingi, na pengine safari yake ya michezo ikakomea hapo.

Nchini Marekani, wataalamu Gray Cook na Lee Burton walibuni kipimo cha miondoko 7, ikiwemo kuchuchumaa na kuvuka kiunzi. Kila mwondoko hupewa alama 0 hadi 3, na jumla kuu ni 21. Mwaka 2011 zilichapishwa habari za uchunguzi wa wanafunzi 874 wa uofisa katika Kikosi cha Mariini. Waliopata alama 14 au chini yake waliumia zaidi. Lakini wengi waliopata alama za juu nao pia waliumia.

Kwa hiyo kipimo hiki si ramli, wala si hati ya kumfukuza kijana kikosini. Kazi yake ni kufichua udhaifu ili mazoezi yaurekebishe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wanasoka vijana wa Lagos, Nigeria, ulionyesha kwamba mazoezi maalumu ya kupasha mwili yalipunguza majeraha kwa takriban asilimia 40. Mkufunzi hodari hupima ili ajenge, si ili atupe.